Ngiri na Viazi vya Jirani

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo, matupu kama vibuyu!
Basi niyajaze.

Hapo zamani za kale, Mama Ngiri na Mama Nungunungu waliishi kilima kimoja. Kila mmoja alikuwa na watoto, na upande wake wa viazi vikuu.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kwa Nungunungu viazi vikachipua tele, kwa Ngiri vikachipua vichache. Mvua za pili zikanyesha. Kwa Nungunungu vikachipua tena, kwa Ngiri yakabaki mashimo.

Wivu ukamkaa Ngiri kooni kama mwiba wa samaki. Akamwendea jirani yake.

"Dada, umepata wapi dawa ya viazi?"

"Sina dawa, dada. Nikichimba, nakata mnofu, kichwa cha kiazi nakifukia tena na shina lake, kichipue. Na vichanga sivigusi mpaka vikomae."

Ngiri akaondoka akinung'unika: "Mwongo! Mwenye dawa haitaji."

Siku moja Nungunungu akawapeleka wanawe mtoni. Ngiri akawaita wanawe mbio hadi kwenye viazi vya jirani.

"Chimbeni! Msibakize hata mzizi!"

Wakachimba, wakala, matumbo yakawa ngoma.

"Mama, tumeshiba," mdogo akalia.

"Chimbeni! Tusipovila sisi, atavila yeye!"

Nungunungu akarudi, akakuta mashimo matupu, na Ngiri yupo hapo hapo. Akasimama, miiba imemlala mgongoni.

"Hata vichwa, dada?"

"Hata vichwa."

Hakugombana. Akakusanya wanawe, akavuka bonde, akahama. Na Ngiri alifurahi, jamani! Alilala usingizi mtamu, maana sasa hakuna aliyemzidi.

Mvua za tatu zikanyesha. Zikanyesha sana. Ngiri akazunguka shimo hadi shimo, akinusa. Zikaota nyasi tu.

"Mama, tukamwombe Mama Nungunungu," wanawe wakasema.

Ngiri akatazama ng'ambo ya bonde. Angeomba kwa uso upi? Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi, na wanawe wakapiga magoti kando yake. Ndiyo maana hadi leo ngiri hula amepiga magoti.

Wanangu, ardhi humrudishia aliyeibakizia; ukiimaliza, hata mvua haina cha kuotesha. Na mwenye wivu humwaga chungu cha jirani, kumbe kesho na yeye angekula humo humo.

Ngano yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, imezeni. Ikiwa chungu, niachieni mimi.