Ngiri Aliyemwendea Mshauri Wake Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti kama mmefunga? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, mdudu na mnyama wote wakisoma, palikuwa na Chuo cha Kuchimba. Ngiri alikuwa mwaka wa tatu. Alitaka kuhitimu na wenzake. Fomu yake ilidai kitu kimoja: muhuri wa mshauri wake wa masomo, kabla mvua hazijaanza.

Mshauri ni Bi Nungunungu. Ofisi yake ni shimo.

Sasa, ukoo wa Ngiri hauingii shimo kwa uso. Huingia kinyumenyume, makalio mbele, meno yabaki nje kumngoja simba. Na ukoo wa Nungunungu, ukiujia kwa makalio, nao hukugeuzia ya kwao. Yenye miiba!

Ngiri akaja mbio, vumbi timtim! Akageuka. Kwata, kwata, kwata. Chwi!

"Mama weee!"

"Nani huyo?"

"Mwanafunzi wako, Mwalimu! Nataka muhuri!"

"Mwanafunzi gani? Miaka mitatu naletewa mkia! Toka!"

Akatoka. Kesho yake akarudi. Kwata, kwata. Chwi! Siku ya tatu, chwi!

Akamwendea Mhanga, mchimbaji mwenzake, amchomoe miiba.

"Yule mama ana roho mbaya!"

"Umewahi kumwamkia?"

"Nimeingia mara tatu wiki hii!"

"Nimekuuliza kuamkia, ndugu yangu."

"Nikitanguliza uso, simba je?"

"Simba gani? Ile ni ofisi!" Mhanga akavuta mwiba kwa hasira. Ngiri akaruka.

Siku ya nne mawingu yakatanda. Ngiri akasimama mlangoni.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu."

Akaingia. Kwa uso! Mgongo wote nje, ukimsisimka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Miiba ikalala, fyuu. "Kumbe una macho mazuri. Lete fomu."

Akasoma. Akashusha pumzi ndefu.

"Ngiri! Somo la Shimo la Kuingilia umelisoma mara tatu!"

"Nililipenda, Mwalimu."

"Shimo la Kutokea hujaligusa! Ungekuja mwaka wa kwanza, ningekwambia."

"Nilikuja!"

"Mkia ulikuja!"

Nje, tone la kwanza: to! La pili: to!

"Kwa hiyo sihitimu?"

"Na wenzako, hapana. Muhuri siwezi kuugonga juu ya pengo."

Ngiri akalia kidogo. Kisha akajifuta pua.

"Basi nipangie, Mwalimu. Nianze na lipi?"

Bi Nungunungu akamsogezea kigoda. Wakapanga. Kila wiki akarudi, akauliza, akakosolewa, akauliza tena. Mwaka uliofuata akahitimu.

Enyi wana, nanyi wazazi mnaocheka: mshauri hawezi kumsaidia asiyemjua. Mwendee mapema, mwamkie, mweleze shida yako, usikilize jibu. Usingoje siku ya muhuri.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ya kwake na aketi hapa, mimi koo limenikauka.