Nyabise na Stima Iliyompita

Kale ile, watoto wangu, kale ya mababu wa mababu, kabla barabara hazijalizunguka ziwa letu la kaskazini, maji yalijua kasia peke yake. Niitikieni: "Yalijua kasia!" Naam. Basi siku moja likatokea juu ya maji jitu la chuma. Linahema, linakohoa, linafuka moshi kama jiko la harusi. Watu wakakimbilia vichakani. Ndiyo stima ya kwanza hiyo.

Na stima, wajukuu zangu, ilikuwa na tumbo. Ilikula kuni. Ikila asubuhi, jioni ina njaa. Kwa hiyo visiwa vyenye miti vikapewa kazi ya kukata kuni na kuzipanga ufukoni. Kisiwa kimoja kiliitwa Lyamuhiga. Huko aliishi mwanamke, jina lake Nyabise, na mumewe Mafwele, mkata kuni, na binti zao wawili.

Ukaja ugonjwa wa malale. Msiombe kuuona. Mtu anasinzia na tonge mkononi, anasinzia amesimama, na mwisho haamki. Akasinzia binti mkubwa. Akasinzia mdogo. Akasinzia Mafwele. Wote watatu Nyabise aliwazika nyuma ya nyumba. Kisha serikali ikatoa amri: watu wahame visiwani. Mitumbwi ikaja, watu wakapanda na kuku wao na vyungu vyao. Nyabise akajificha pangoni, akawasikia wakimwita.

"Nyabise! Nyabise weee!"

Hakuitika. Angewaachaje watatu wale peke yao?

Mitumbwi ikaenda zake. Mmewahi kusikia kimya cha kisiwa kizima, ninyi? Hakuna jogoo, hakuna mchi kinuni, hakuna mtoto anayelia. Hakuna.

Siku ya nne stima ikaja kuchukua kuni zilizobaki. Mkuu wa mabaharia wake, serahangi, alikuwa mtu wa pwani aitwaye Feruzi. Akashuka, akashtuka.

"Mama, hujahama?"

"Nihamie wapi, Bwana Feruzi? Watu wangu wako hapa."

"Na kuni atakata nani?"

"Shoka la Mafwele lipo. Mikono ninayo."

Ikawa hivyo. Kila mwezi ukiandama stima inakuja, kuni zinapakiwa, Feruzi anamwachia chumvi na mahindi. Lakini kuliko chumvi, alimwachia maneno: nani kaoa, nani kajifungua, mvua imenyesha wapi. Nyabise aliyatafuna maneno hayo kidogo kidogo mwezi mzima, yasije yakamwishia.

Kisha stima ikabadilishiwa chakula. Garimoshi likaanza kuleta makaa ya mawe kutoka pwani. Nani atafuata kuni tena? Na mwezi huo Feruzi alikuwa kwao, amekwenda kumzika mama yake. Aliporudi akauliza, "Na yule mama wa Lyamuhiga?" Akajibiwa, "Amekwishahamishwa, kawafuata wenzake bara." Akashukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Nyabise akangoja. Mwezi ukaandama, stima ikapita mbali. Akapunga mkono. "Nipo! Nipo hapa!" Stima ikapita. Mwezi ukaandama tena, ikapita tena. Hata hivyo alikata kuni, akapanga, akakata, akapanga, mpaka rundo likawa refu kuliko nyumba yake. Mtu anayekata kuni, watoto, ni mtu anayetarajia kufikiwa.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja alikwenda makaburini kuwasalimu watu wake kama kawaida. Akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Haikutoka. Hofu ikamshika. Akawaza, "Kumbe nami nimekufa, ila sijazikwa."

Mchana, jua la utosi, akaona moshi kule mbali. Hakupunga mkono. Alichukua kaa la moto, akalitia chini ya rundo. Kuni za miaka miwili! Moto ukanguruma, moshi ukasimama mweusi hadi mawinguni.

Kule melini mtu akapiga kelele, "Meli inaungua! Kuna meli inaungua!" Stima ikageuza, ikaja mbio. Mashua ikateremshwa, Feruzi mbele na mablanketi, nahodha Mzungu nyuma yake.

"Nani anaungua hapa?" nahodha akauliza.

Nyabise akasimama mchangani. Kinywa kikahangaika. Ikatoka sauti ya kukwaruza kama mlango wa siku nyingi:

"Mimi."

Nahodha akamtazama, hana hata lengelenge. Akafoka, "Ametudanganya huyu!"

"Hapana, bwana," Feruzi akasema. "Hajasema uongo." Akavua kofia, machozi yanamtoka. "Mama, niliambiwa ulihama."

"Aliyekuambia alikuja kutazama?"

Feruzi akamfunika blanketi mabegani, akauliza:

"Unataka tukupe nini, mama?"

"Kaeni mpaka moto uzime. Mzungumze. Lolote lile."

Wakakaa. Mmoja akasimulia jino lake linavyomuuma. Mmoja akamteta mama mkwe wake. Mmoja akaeleza alivyotumbukia majini akifukuza kuku. Nyabise akacheka, akalia, akacheka. Hata nahodha akaketi kwenye jiwe, akavua viatu.

Moto ulipofifia, Nyabise akaenda nyuma ya nyumba. "Mume wangu, wanangu, ninyi mmepumzika. Mimi bado. Nakwenda kwenye sauti za watu." Akapanda mashua.

Bara walimpa nyumba nzuri, pembeni, penye utulivu. Akaikataa. Akaomba kibanda kibovu kwenye njia ya kisimani, wanakopita wanawake wakigombana na watoto wakipiga kelele tangu alfajiri. Hapo aliishi, mlango wazi, mpaka uzee ukamchukua.

Basi shikeni hili, wanangu: ukiuliza habari za mwenzako ukaambiwa yu salama, usishukuru kwanza. Nenda ukamtazame kwa macho yako.

Kisa changu kimefika mwisho. Mkikiona kitamu, mgawieni jirani. Mkikiona kichungu, kimezeni na maji. Haya, simameni, mkamsalimu bibi yule wa nyumba ya mwisho, aishiye peke yake.