Mwandiko wa Barua ya Posa

Nisameheni mapema, wapendwa. Mfano huu ungekuwa mtamu kama mngesimuliwa na mtu mwenye kipaji, lakini leo zamu ni yangu. Nikiukoroga, unyweni hivyo hivyo, kama uji wa msibani. Nani aliwahi kulalamikia sukari msibani?

Basi palikuwa na baba mmoja mwenye shaka. Siyo shaka hizi zetu ndogo ndogo. Huyu ukimwambia "habari za asubuhi," anajiuliza moyoni: asubuhi yangu anaitakia nini huyu? Ukimkaribisha chai, anasubiri kwanza umeze wewe. Mnamjua? Msigeuke kumtazama, tafadhali, tuko ibadani.

Baba huyu alikuwa na binti mmoja tu, na binti akapata mchumba. Mshenga akaja na barua ya posa, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa cheupe. Baba akaifungua. Imechapwa kwa kompyuta! Herufi zimesimama mstari kama askari wa gwaride.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni posa, mzee wangu."

"Posa au tangazo la maji kukatika? Mashine haichoki, bwana. Nitajuaje kama barua hii hii haijapita nyumba nyingine, wakabadilisha jina la binti tu? Mwambie kijana aandike kwa mkono wake. Mkono haudanganyi."

Mshenga akarudi mbio. Wiki iliyofuata akaja na barua nyingine, na hii ilikuwa ya mkono. Tena mkono gani! Mwandiko umelala vizuri, kila neno limepewa nafasi yake, pembeni kuna ua dogo la wino.

Mngefikiri baba amefurahi. Thubutu! Alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Shaka ikampanda kama maziwa kwenye sufuria.

"Mama, njoo uone," akamwita mkewe. "Hizi 'a' zimenona kama maandazi. Mwanamume gani anaandika hivi? Na anachora maua?"

"Mzee, si ulitaka mkono? Umeletewa mkono."

"Mkono wa nani? Hapa kuna mwanamke! Kijana amemketisha mwanamke mezani, akamwandikia posa ya mwanangu. Wanajuana vipi hao wawili? Mshenga, sema!"

"Mimi mbebaji tu, mzee," mshenga akajibu, huku anaupima mlango kwa macho.

"Basi beba na jibu. Ndoa hakuna!" Baba akapiga meza. "Mwiteni binti aje ajionee anavyochezewa."

Binti akaingia na sinia la chai. Baba, kwa uchungu wa mzazi, akamsogezea ile barua. "Soma, mwanangu. Usilie. Uone tu mwandiko wa huyo mwenzio."

Binti akatazama barua, akamtazama mama yake, akaliweka sinia chini taratibu.

"Baba, huu mwandiko ni wangu."

Hata mshenga aliacha kuupima mlango.

"Yeye kazini anachapa tu, baba. Alipojaribu kwa mkono, karatasi ilionekana kama kuku amepita kwenye majivu. Akaogopa utamkataa. Akanisomea maneno yake, nikamwandikia. Tulikosea, tusamehe. Lakini baba... kweli hukuutambua?"

"Ningeutambuaje? Nimeuona wapi?"

"Nilipokuwa bweni nilikuwa nakuandikia barua. Ukaniambia, 'Acha kupoteza wino, tuma meseji, inafika haraka.' Nikatuma meseji."

Wapendwa, yule mwanamke ambaye baba alikuwa akimsaka alikuwa anakula ugali mezani pake kila siku.

Baba akainamisha kichwa. Mshenga akakohoa: "Sasa mzee, jibu lile nilibebe?"

"Hapana," akasema. Akamvutia binti kiti. "Leteni karatasi. Kaa hapa, mwanangu. Andika kwamba tumekubali. Na uandike polepole, nikuone." Yule baba, mwenye shaka na kila kitu, akakaa anautazama mkono wa mwanawe unavyokwenda, mpaka chai ikapoa.

Sasa sisi. Ndiyo, sisi, hata wewe unayejifanya unafungua Zaburi. Tuna macho makali ya kuwapekua wageni: huyu katumwa na nani, yule anaficha nini? Haya, mwandiko wa mkeo unaujua? Mwandiko wa mama yako ungeupata kati ya karatasi kumi? Simu ni nzuri, sijaja kuzitupa mtoni. Lakini herufi za simu yangu ndizo za simu yako. Mkono ni wa mtu mmoja, ndiyo maana Mtume Paulo, aliyekuwa na watu wa kumwandikia, bado alishika kalamu mwenyewe akawaambia wasomaji wake kwamba salamu hii ni kwa mkono wangu. Alitaka wamjue. Sisi nani anatujua? Tumeacha kuandikiana, kisha tunashangaa tumekuwa wageni ndani ya nyumba moja, tunashukiana kama wezi.

Nendeni leo mkamwandikie mtu. Hata ukiandika kama kuku, atajua ni kuku wake.

Na nimalizie na la kwangu. Asubuhi hii nimefungua Biblia nikakuta kikaratasi cha mkono: "Usiwachoshe watu. Fupisha." Damu ikanichemka! Tangu wimbo wa kwanza nimekuwa nikiwakagua. Nimewashuku wazee wa kanisa. Nimeishuku kwaya, hasa sauti ya nne. Mwisho nikampenyezea mama mchungaji kile kikaratasi, nikamnong'oneza: "Nitafutie adui huyu kabla sijapanda madhabahuni."

Akakisoma, akanirudishia bila hata kuvaa miwani.

"Mpandishe tu huyo adui, baba. Huo mwandiko ni wako."