Habari Njema za Bi Namkunda

Hapo zamani, redio ikiwa bado moja kwa kijiji kizima, Bi Namkunda alibaki peke yake juu ya mlima Upareni. Mlima ulikuwa umeanza kumeguka, majirani wakahamia bondeni. Yeye magoti yalimkatalia. Mwanawe Senkondo alikuwa mbali, mashamba ya mkonge, hana habari. Bibi alipika, akala peke yake, akaongea na kuku. Upweke ule, jamani, usimpate mtu!

Siku moja akapanda mtangazaji wa redio, Zuhena, na kinasa sauti begani. Bibi alifurahi mpaka akalia.

"Bibi, kanda yangu ni fupi," Zuhena akasema. "La moyoni litangulize."

"Sawa, mwanangu."

Zuhena akabonyeza kitufe, akauliza kama tunavyouliza sote, "Habari za hapa?"

"Njema! Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nanyi huko? Wazazi? Watoto? Safari ya mlima huu?"

Kanda ikaisha. Ndipo bibi akasema, "Ila Senkondo aje anibebe. Nyumba ina ufa, naogopa."

"Bibi! Mbona hukuanza na hilo?"

"Mgeni hata maji hajanywa, nimtwishe shida zangu?"

Zuhena akaahidi kuyasema mwenyewe redioni. Na kweli aliyasema, ila kwanza aliweka ile sauti ya bibi.

Kule mkongeni Senkondo akasikia, "Njema! Hatujambo." Akaruka kwa furaha, akatoka mbio kuwatangazia wenzake. Maneno ya Zuhena yakamkosa.

Mvua ikanyesha, mlima ukashuka na nyumba na bibi ndani.

Kaburini kila mtu alijitetea. Zuhena akasema, "Nilisema yote. Nilitaka tu mama asikike kwanza."

Senkondo akalia, "Mama mwenyewe kasema njema. Ningemkatalia mama?"

Kisha akawageukia watu wa bondeni, "Nanyi redio mnayo. Hamkusikia?"

"Tulisikia mpaka mwisho," wakajibu. "Lakini aliyeitwa ni wewe."

Haya, mlioketi hapa, msinitazame mimi. Yuko bibi aliyeweka shida yake nyuma ya salamu, yuko mtangazaji aliyeiweka nyuma ya sauti, yuko mwana asiyengoja, na wako waliosikia yote wakakaa. Je, nani aliyemwacha Bi Namkunda peke yake?