Mpiga Mbiu Hunywa Kwanza

"Mpiga mbiu hunywa kwanza." Mmecheka nilipomwambia hivyo kaka yenu Sefu, aliyetusomea kwenye simu kwamba Bwana Chande amefariki, ilhali huyo Chande nimemwacha mimi sasa hivi akigombania chenji ya vitumbua. Haya, chekeni mmalize. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa kijijini habari zote zilitoka kwenye baragumu la Mzee Kondo. Likilia, hata ugali uliachwa uungue. Basi asubuhi moja mbuzi watatu wa Pazi wakakutwa wamekufa kando ya kisima. Jua halijapanda, watu wamejaa mlangoni kwa Kondo na mapanga, wamemleta Mwanahija kafungwa kamba.

"Piga mbiu!" Pazi akafoka. "Huyu katia sumu kisimani!"

Mwanahija alikuwa mjane, mgeni, hana hata shangazi wa kumlilia. Baragumu likimtaja, jioni haioni.

"Nani kamwona?" Kondo akauliza.

"Mishi ndiye kaniambia."

"Mimi kaniambia Athumani," Mishi akasema.

Athumani akajikuna kichwa. "Mimi... nimesikia kwa Pazi."

Hakuna aliyecheka. Kondo akachukua baragumu, wote wakaenda kisimani, akawapanua mbuzi vinywa. Vimejaa majani ya muhogo mchungu, yamenyauka.

"Pazi, jana ulifunga zizi?"

Pazi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Huenda na kisima kina sumu!" mtu akapaza sauti.

"Huenda," Kondo akasema. Akateka maji, akanywa kata nzima, akaketi. "Nikianguka, baragumu lile pale. Pigeni wenyewe."

Wakangoja. Mkewe akaanza kulia, Kondo akamkemea: "We mama, usinizike nakutazama!" Mara akakohoa. Watu wakarudi nyuma, panga likainuka juu ya Mwanahija.

"Mate tu," Kondo akasema. "Shusha hilo."

Jua lilipofika utosini alisimama, akamfungua Mwanahija kamba, ndipo akapuliza. "Kisima salama! Mbuzi wameuawa na majani ya muhogo! Nimeyaona, na maji nimeyanywa!"

Mwanahija akateka kata ya pili, akampa Pazi. Pazi akainywa yote.

Tangu siku ile baragumu la Kondo likilia, hakuna aliyeuliza, "Kweli?"

Sasa Sefu, weka simu chini, nenda kamwamkie marehemu Chande, uniletee na vitumbua. Mpiga mbiu hunywa kwanza.