Mafuta Kabla ya Tupa

Wapendwa, leo naanzia kwenye karakana ya friji. Msinung'unike, altareni tutafika.

Mafundi wawili walipakana ukuta. Mmoja mzee mwenye vyeti vyake ukutani, mwingine mama wa makamo, mdomo haulali. Wote walisumbuliwa na kitu kimoja: kuunga bomba la alumini na la shaba. Alumini unaikwangua kwa tupa mpaka inang'aa, lakini hewa ikiigusa tu, inajifunika ngozi mpya papo hapo, na lehemu haishiki. Basi walipaka gundi, na friji ilirudi inavuja.

Siku moja yule mama akaimwagia alumini mafuta ya cherehani kwanza, ndipo akaikwangua ndani ya mafuta yenyewe, hewa isipate pa kupenya. Lehemu ikashika! Akaomba hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiiuze njia yake kama yao. Jirani yake, ambaye alishaanza kuiga, akaweka pingamizi.

"Mheshimiwa," akamwambia msajili wa hataza, "uvumbuzi uko wapi hapa? Kukwangua tunakwangua wote. Mafuta ya cherehani hata bibi yangu alikuwa nayo. Jambo liko wazi!"

"Na bibi yako aliunga friji ngapi?" akadakia yule mama.

Watu wakacheka. Mzee akakunja uso, akawa mgumu kuliko alivyoingia. Mmeona? Amekwanguliwa hewani.

Yule mama naye aliona. Akashusha sauti. "Nisamehe, jirani. Lakini ukuta wetu mwembamba. Miaka yote nasikia tupa yako ikilia. Ulikuwa unaunga nini?"

Mzee akatazama viganja vyake. "Hiyo hiyo alumini. Nimejaribu kila kitu, mama. Ilifika mahali naona aibu kumwambia mke wangu kwamba najaribu tena."

Msajili akaweka kalamu chini. Pingamizi lilikuwa limekwisha, na aliyelimaliza ni mwenye pingamizi. Kama jambo lilikuwa wazi, miaka yote hiyo alikuwa anatafuta nini?

Sasa sisi. Dada mmoja amepatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani, nasi tunabinua midomo: "Ah, si alikwenda tu kuwaona?" Mbona wewe hukwenda? Tunasema "hilo nani hajui" kwa sababu inauma kusema "nilitafuta, nikakosa". Namhurumia yule mzee. Ni mimi, ni wewe, tena tukiwa na Biblia mkononi.

Na ukweli tunajua kuusema, ndiyo! Kwa tupa hatujambo. Tunamkwangua mtu mbele ya kwaya nzima, halafu tunashangaa mbona hashikamani nasi.

Yule ambaye uliwachekesha watu juu yake wiki iliyopita, leo ana ngozi mpya. Nenda kwake. Ukweli usiuache nyumbani, ila mafuta yatangulie.