Zamu ya Kumi na Moja

Mtu mmoja alikuwa na timu ya mpira na jicho la kutambua wachezaji. Aliitwa Luhende, fundi baiskeli katika mji mdogo wa pamba. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, timu nne za mji ule zilishindania kikombe kimoja. Luhende alikuwa hajakigusa kwa miaka tisa.

Watu wa mji ule walikuwa na desturi yao. Ligi ikikaribia, timu zote huvunjwa. Wachezaji husimama kwenye ukuta wa ghala la pamba, na wakuu wa timu huwaita kwa zamu, mmoja mmoja, mpaka kila timu ifikishe kumi na moja. Aliyeshika mkia mwaka uliopita huita kwanza. Bingwa huita mwisho. Lakini kabla ya kuita, kila mkuu anaruhusiwa kumbakiza mchezaji wake mmoja, naye humlipia kwa zamu. Kama alimwita zamu ya tatu, basi safari hii zamu ya tatu ikifika hukaa kimya. Akipenda, anaweza kutoa zamu ya mapema zaidi. Hakuna aliyewahi kupenda. Anayebakizwa hupewa chaki, akaandika jina lake mwenyewe ukutani. Akikataa chaki, hurudi kusimama na wenzake, lakini hilo pia lilikuwa halijatokea.

Siku moja Luhende alikwenda kununua matofali nje ya mji. Akamkuta mfyatuaji mmoja, Nkwabi, akicheza na wenzake wakati tanuri linapoa. Luhende alisimama akatazama mpaka akasahau matofali. Mguu wa kushoto wa mtu yule ulipeleka mpira mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepaona.

Akamwita pembeni. "Ndugu yangu, wewe ni bora kuliko wote nitakaowaita mwaka huu," alimwambia. "Kwa hiyo usimwambie mtu. Siku ya majaribio tumia mguu wa kulia tu."

Nkwabi alitii. Siku ya majaribio aliukosa mpira mara mbili, na watu walicheka. Siku ya kuita alisimama ukutani, vumbi la matofali bado likiwa kwenye viatu. Zamu ya kwanza Luhende aliita mshambuliaji maarufu. Zamu ya pili aliita beki. Kila zamu ilipofika kwake aliwatazama wenzake usoni, akaona kwamba hakuna anayejua, akasubiri. Zamu kumi zilipita. Ukuta ukabaki na watu wachache, na wale waliokwisha kuitwa walikuwa wamekaa kivulini wakinywa maji. Zamu ya kumi na moja, Luhende akamwita Nkwabi.

Bi Kabula, mwenye mashine ya kusaga na timu ya upande wa mtoni, alicheka kwa sauti. "Huyo wa matofali, fundi? Umemchukua akujengee choo?"

"Kitakuwa choo kizuri, dada," Luhende alijibu, naye akacheka.

Mwaka ule Luhende alichukua kikombe. Nkwabi alifunga mabao kumi na manne, na mengine hayahesabiki kwa sababu aliwapa wenzake wafunge. Bi Kabula alishika mkia. Luhende alikiweka kikombe juu ya meza ya vipuri, na kila aliyeleta baiskeli alisimuliwa namna alivyompata mtu wa zamu ya kwanza kwa zamu ya mwisho. Alisimulia hata Nkwabi alipokuwa amekaa pale pale, kwenye benchi, akisubiri baiskeli yake ijazwe upepo.

Msimu ukarudi. Wakuu wa timu wakakutana ghalani. Luhende alisema atambakiza Nkwabi, kwa zamu ya kumi na moja, kama kanuni inavyompa. Wenzake walitikisa vichwa kwa wivu. Hata mimi ningefanya hivyo, mmoja wao alisema. Chaki ikatolewa.

Nkwabi aliishika. Akamgeukia Luhende.

"Mwaka jana nilijificha kwa sababu uliniomba, kaka," alisema. "Mwaka huu kila mtu ananijua. Bado mimi ni wa kumi na moja?"

Luhende aliwaangalia wenzake. Zamu yake ya kwanza alikuwa ameshaipangia mshambuliaji yule yule maarufu. Ya pili alikuwa ameipangia kipa. Alipiga hesabu yake upya, nayo ikatoka vile vile. Akasema kanuni ni kanuni.

Nkwabi aliiweka chaki chini polepole, isivunjike. Akaenda akasimama ukutani pamoja na wengine.

Bi Kabula ndiye aliyeita kwanza. Hakucheka. Alitaja jina la Nkwabi kabla mzee wa ligi hajamaliza kumpa ruhusa, na Nkwabi akavuka uwanja kuelekea upande wa mtoni bila kugeuka nyuma.

Nimewauliza watu wengi waliokuwepo siku ile kama Luhende alikosea. Wanasema hapana. Hakuvunja kanuni, hakumdanganya mtu wa timu yake, hesabu yake ilikuwa sahihi. Luhende mwenyewe anasema hivyo hivyo, huku akikaza spoku. Kisha huuliza, kana kwamba ni jambo dogo tu limemjia, ni nini mtu yule alikuwa anataka. Mabao yalikuwa yake. Sifa zilikuwa zake. Zamu ni namba tu.

Lakini ni Luhende peke yake, katika mji mzima, aliyekuwa amemjua Nkwabi tangu mwanzo. Wengine walimwacha ukutani kwa kutokujua. Yeye alimwacha kwa kujua.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu anaye mtu ambaye thamani yake mnaijua kuliko wote, na kwa sababu mna hakika naye mnaanza kwanza kuwaita wengine. Leo, yeye yuko zamu ya ngapi?